Kibuyu cha Sentensi

Dada yangu alikufa masika ya mwaka sabini na mbili, na jina lake likaendelea kwenda shule.

Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijijini kwetu, upande wa Kibondo unaopakana na Burundi, na daftari la mahudhurio lilikuwa mikononi mwake. Kila mtu alitarajia kwamba angechukua rula na wino mwekundu, apige mstari juu ya jina la mwanawe kama alivyowahi kufanya kwa watoto wa wenzake. Hakuweza. Wiki baada ya wiki akawa anaandika kwamba ni mgonjwa. Mama yeye alikwenda njia nyingine kabisa. Tangu tuliporudi makaburini hakulitamka jina lile, na akatukataza sote kulitamka ndani ya ua wake. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nasoma darasa la tano, mwaka mmoja nyuma ya dada, na kwa ujuaji wangu wa wakati ule niliona wazazi wangu wote wawili wamechanganyikiwa.

Miezi michache baadaye watu wakaanza kuvuka kutoka Burundi. Walikuja na mikeka, na masufuria, na watoto mgongoni, wengine hawakuja na kitu. Asubuhi moja msichana wa rika la dada yangu alisimama mlangoni kwetu, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama wanavyosalimia wakubwa huko kwao na huku kwetu, akataja jina la babu yetu. Babu yetu na babu yake walikuwa wamenywana, yaani walichanjana wakaonja damu ya kila mmoja, na baada ya hapo mtu huwa mnywani wako, ndugu kuliko ndugu wa tumbo moja. Mama hakuuliza zaidi. Alimnyanyua, akampa maji ya kunawa. Juu ya wazazi wake hatukumuuliza, maana waliokuja naye walipoulizwa walitazama chini.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu hakuingoja ya tatu. Siku ya pili alikuwa shambani na mama wanang'oa maharage, na jioni nikamkuta amekaa kwenye kigoda cha dada, anamenya muhogo. Nilitaka kumwambia aondoke pale. Nikatazama uso wa mama, nikachukua kisu nami nikamenya.

Alisoma shule ya misheni kwao na alijua Kifaransa. Kirundi chake na Kiha chetu vinaelewana kama majirani wanaoazimana chumvi, hivyo kwa maneno ya nyumbani hakupata shida. Kiswahili alikishika kwa muda mfupi. Kiingereza hakuwa nacho hata neno. Na Kiingereza ndicho kilichokuwa mlango wenyewe. Bila kufaulu karatasi ile ya darasa la saba hakuna aliyekwenda sekondari, na sekondari kila somo lilifundishwa kwa lugha hiyo. Nafasi za wasichana kwa wilaya nzima zilikuwa chache, na mtoto ambaye hakuandikwa popote hakuwa na nafasi kabisa.

Baba alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Kisha jioni moja akamwambia mama, mimi nikiwa nachochea moto na masikio yangu yako wazi, kwamba kiti kipo darasa la sita, na jina lipo daftarini, na hana moyo wa kulifuta. Amwachie yule mtoto alivae. Mama alikoroga ugali mpaka ukaanza kuungua. Akasema sawa, alivae kama sare. Asubuhi alivae, jioni akirudi alivue mlangoni. Ndani ya ua huu aitwe kitu kingine.

Ikawa hivyo. Shuleni aliitika jina la dada yangu, nyumbani mama alimwita mwana wanje, mtoto wangu, na sisi wengine tukamwita mgeni wetu. Kijiji kizima kilijua. Watu wale wale waliobeba jeneza walimsikia akiitwa kwenye paredi na hawakusema neno. Balozi wa nyumba kumi alijua, walimu walijua. Kwetu mambo ya mtoto wa mnywani hayapelekwi bomani.

Hapo shuleni kulikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Aliyesikika anasema Kiha alivalishwa shingoni, akatembea nacho mpaka amnase mwenzake naye amkabidhi. Baba ndiye aliyekitunza kile kibao, na baba huyo huyo alasiri akifika nyumbani alikuwa mvunja sheria wa kwanza. Alitukalisha uani, mgeni wetu na mimi, na ungo wa maharage katikati. Kila mmoja alikuwa na kibuyu chake kidogo kilichokatwa shingo. Tukipukuchua maharage tulitunga sentensi. Kwanza useme kwa Kiha, au kwa Kirundi kama ni yeye. Halafu Kiswahili. Mwisho Kiingereza. Kiingereza kikitoka sahihi, baba alichukua punje moja ya haragwe akaitia katika kibuyu chako. Kikitoka kombo, punje ilirudi kwenye ungo.

Nilimuuliza mara moja kwa nini tuanze na Kiha wakati shuleni kinatuvika kibao. Akaniambia, "Nataka kwanza nijue kama una la kusema."

Mgeni wetu alikuwa na la kusema. Alitazama kitu, tuseme nyumba, akakigeuza midomoni: inzu, mezoni, nyumba, haus. Kile Kifaransa chake kilimsaidia leo kikamwangusha kesho, naye alicheka alipoanguka, akainuka. Aliandika kwa kijiti uani mpaka kuku wakawa wanatembea juu ya masomo. Alimfuata baba hadi kwenye migomba kumuuliza jinsi ya kusema kwamba jambo lingekuwa hivi kama lisingekuwa vile. Baba alipata nguvu. Mtu ambaye tangu msiba alikuwa anarudi nyumbani na kulala, sasa aliazima vitabu kwa walimu wa Kasulu kwa mkono wa madereva wa malori, akanakili mitihani ya zamani kwa mkono wake. Kufikia siku za mtihani kibuyu cha yule msichana kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, mama akalazimika kumtafutia kingine. Changu kilikuwa na punje thelathini na moja. Nazijua kwa sababu nilikuwa nazimwaga na kuzihesabu kila wiki, labda zimezaliana.

Nilikuwa na wivu, na sitaupaka asali. Alikuwa na kigoda cha dada, na jina la dada, na sasa alikuwa na baba yangu. Alikuwa mwema kwangu. Alinisuka nywele, alinibebea mtungi wangu wa maji mlimani. Hilo liliniudhi zaidi. Nilijaribu kumchukia nikashindwa, na kumpenda sikutaka.

Sentensi ambazo baba alizisisitiza mno zilikuwa zenye neno "kwa sababu". Alisema kila mtu anaweza kusema ng'ombe yuko hapa, hata ng'ombe mwenyewe akisimama tu amesema, ila anayeweza kueleza kwa nini yuko hapa huyo ameshaingia sekondari. Mgeni wetu alizitoa za kila namna. Mimi zilinishinda. Nilianza vizuri, nikifika kwenye "kwa sababu" ulimi ulijikunja, nusu ya pili ikatoka kwa Kiswahili. Baba hakunikemea. Alirudisha punje kwenye ungo na kumgeukia mwenzangu, na kule kugeuka kulikuwa kunaniuma kuliko fimbo.

Alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa sabini na tatu. Siku ile mama alimwamsha alfajiri, akampaka mafuta miguuni, akamsindikiza mpaka mlangoni pa ua na kusimama hapo, mahali pa kuvaa jina. Baada ya mtihani baba alimwambia arudie kwa mdomo majibu yote ya karatasi ya Kiingereza. Aliyarudia. Baba akaingia chumbani, tukamsikia anapenga kamasi.

Matokeo yalikuja na mtu kutoka bomani Kibondo, na gari. Haikuwa kawaida, ila shule yetu ilikuwa imetoa msichana, na msichana huyo amefaulu Kiingereza vizuri mno, kwa hiyo bwana yule alitaka ayasome mwenyewe mbele ya kijiji ili wazazi wengine waone. Watu walikusanyika uwanjani pa shule. Baba alimsihi mama abaki nyumbani. Mama alikuwa anajifunga kitenge chake kizuri. Alisema yule mtoto hana mama mwingine wa kumpigia vigelegele, je, asimame peke yake mbele za watu kama kisiki? Alikwenda, akasimama mstari wa mbele wa wanawake. Nilimwona anajiandaa, analowesha midomo.

Bwana yule akasoma jina. Alilisoma kwa sauti kubwa, jina la mtoto kisha jina la baba, kama linavyosomwa kanisani kwenye misa ya wafu.

Mgeni wetu alitoka kwenye mstari akiwa na sare ya dada yangu, akaenda mbele. Mama akafungua kinywa apige vigelegele. Kilichotoka ni kilio. Kilianza juu kabisa na hakikushuka, kilio kile kile cha masika tuliyomzika dada, na wanawake waliokuwa karibu naye wakamshika mabega kwa kuwa walijua analia nini. Jina halikuwa limepita masikioni mwake kwa karibu miaka miwili.

 Mtu mmoja tu pale hakujua, naye ndiye aliyekuwa na karatasi. Hakukasirika. Alidhani ni furaha, au ushamba wetu, akatabasamu. Na kwa kuwa alikuwa amekuja kusifu Kiingereza cha shule, akaona hapo pamepatikana swali. Akatugeukia sisi wa darasa la sita tuliokuwa tumekaa chini mbele yake, akauliza kwa Kiingereza cha polepole: kwa nini mama yule analia?

Wenzangu waliinamisha vichwa. Nilimwelewa neno kwa neno. Nikaona jibu limekaa kichwani mwangu, zima, lile neno "kwa sababu" likiwa katikati, na nusu ya pili haikukimbia. Nikanyoosha mkono. Nyuma ya yule bwana nilimwona baba ananitazama na kutikisa kichwa kidogo sana. Nilidhani anaogopa nitakosea nimwaibishe. Nikasimama nikasema, kwa Kiingereza, bila kukwama, kwamba mama yule analia kwa sababu mtoto wake amekufa.

Bwana yule alifurahi. Akasema vizuri sana. Halafu tabasamu likaanza kupotea, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mtoto wake yupi?"

Nikajibu, "Huyo uliyemsoma."

Nimejiuliza maisha yangu yote kama nilijua ninachofanya. Nikiwa na hasira na nafsi yangu husema nilijua. Nikijihurumia husema nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu mwenye punje thelathini na moja. Ninachokumbuka kwa hakika ni kwamba kwa muda wa pumzi moja nilikuwa na furaha kubwa. Niligeuka kumtazama baba nione anavyonitazama, nikamkuta amefumba macho.

Hakuna aliyepiga kelele. Yule bwana aliikunja karatasi akairudisha kwenye bahasha, akaomba aonyeshwe daftari. Wakaingia ofisini yeye na baba, wakakaa sana. Mgeni wetu aliachwa amesimama pale mbele peke yake, mikono imenyooka ubavuni, mpaka mama akaacha kulia akaenda kumshika mkono na kumrudisha nyumbani. Nafasi ile akapewa mwingine. Sijui ni nani, na sina kinyongo naye.

Baba alivuliwa ualimu mkuu, akahamishiwa shule moja ya Kasulu kufundisha madarasa ya chini. Alisema wangeweza kumfanyia vibaya zaidi. Mgeni wetu akaandikwa, kwa jina lake safari hii, katika orodha ya wakimbizi wa kupelekwa makazi mapya, mbali, upande wa Tabora. Baba alikwenda bomani mara mbili kuomba abaki nasi, akarudi mara mbili.

Wiki zile za mwisho hakunisema kwa lolote. Tuliendelea kwenda kisimani pamoja. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamwambia nisamehe. Aliutua mtungi chini, akaniambia kwa Kirundi kwamba lile jina lilikuwa zito, na akatafuta la kuongeza, akalikosa. Alikuwa na lugha nne. Akanitwisha mtungi wangu tukapanda.

Lori lilikuja asubuhi, wakati watu wanakwenda mashambani. Walipanda wengi, wamebana, wameshikilia kuku na mabunda. Yeye alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Vibuyu vyake vyote viwili alimwachia mama, maharage yale akayaacha yapandwe. Baba alimpa vitabu. Mimi nilisimama nyuma ya mgomba kama mwizi.

Lori likaanza kuondoka. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa ua, pale pale. Akapaza sauti akaita. Aliita jina la dada yangu, waziwazi, sauti ile ya kumwita mtoto anayekawia michezoni, akasogea hatua mbili barabarani akaliita tena.

Kwao Burundi mtoto akiitwa na mzazi huitika karame, ndiyo kumwambia aishi sana. Nilimsikia kutoka juu ya lori, katikati ya vumbi na muungurumo, akiitika, "Karame!"

Mama aliendelea kusimama barabarani hata baada ya vumbi kutulia. Akarudi ndani akatwanga muhogo siku nzima.

Sisi tulihamia Kasulu mwezi ule ule. Miaka ile watu wote walikuwa wanahamahama, vijiji vinabomolewa na vingine vinapangwa kwa mistari, hivyo hakuna aliyetushangaa. Tulipanga nyuma ya duka la mzee mmoja wa asili ya pwani, mtu wa swala tano na mizaha mingi, aliyemwita mama shemeji na kutukopesha sukari. Baba alifundisha darasa la pili kusoma a, e, i, o, u. Uani hakukuwa tena na ungo wala vibuyu. Kiingereza nilijifunza peke yangu, kwa ukaidi, nikinakili mitihani ile ya zamani iliyoandikwa kwa mkono wake. Kila nilipofika kwenye "kwa sababu" niliweka kalamu chini kwanza.

Nilingoja anipige. Kwa kweli nilitamani anipige. Angalau aseme kwamba nimemuua yule mtoto, au nimemuua dada mara ya pili, nijue deni langu ni kiasi gani. Hakusema. Alinisalimia asubuhi, akaniuliza jioni kama nimekula. 

Nilifaulu. Jina langu lilisomwa Kasulu, jina langu mwenyewe, na karatasi ya Kiingereza ndiyo niliyoifanya vizuri kuliko zote. Mama alikuwepo. Hakupiga vigelegele na sikumlaumu. Alinishika kiganja akakibana mpaka vidole vikafa ganzi.

Tulipofika nyumbani nikawa nafunga vitu vyangu vya bweni. Chini kabisa ya sanduku la bati nikakikuta kibuyu changu, kimezibwa kwa kitambaa. Sikuwa nimekigusa tangu Kibondo. Nikakimwaga kitandani. Fukusi walikuwa wameyala maharage, mengi yamebaki maganda yenye matundu, ila yalihesabika. Nikayahesabu kwa mazoea. Yalikuwa thelathini na mbili.

Nikahesabu tena, punje moja moja, nikizipanga kwenye shuka. Thelathini na mbili.

Nikazikusanya kiganjani nikatoka nazo. Baba alikuwa amekaa kizingitini anashona kiatu chake. Nilimwonyesha. Nikamwambia yangu yalikuwa thelathini na moja.

Alitazama kiganja changu, akarudi kwenye kiatu. "Niliitia jioni ile," akasema. "Sentensi ilikuwa sahihi."

Nikaketi chini pale pale nikalia, nikalia kwa sauti, kiasi kwamba mzee wa duka akatoka kuchungulia. Mama akauliza kutoka jikoni, kwa Kiha, kwa nini mtoto analia.

Safari ile sikumjibu mtu.